Kazi ya Pili ya Vyombo Vyetu

(Maneno ya Katibu wa mojawapo ya vyama vya msingi, yaliyosemwa mbele ya wanachama katika sherehe ya Chama Kikuu kutimiza miaka kumi)



Waliotutangulia wameeleza habari za pamba, bei, mizani na malipo, na hizo ndizo habari zilizotukusanya pamoja miaka kumi iliyopita. Sisi tumeombwa tuseme juu ya jambo la nyumbani, yaani vyombo na vitu visivyotakiwa tena, ambavyo vimelundikana nyuma ya jiko, chini ya kitanda na pembeni mwa ghala. Huenda wengine wakaona kwamba jambo hili ni dogo mno kwa sherehe kubwa kama hii. Twaomba mtuvumilie, kwa maana tunalo ombi mwishoni, na ombi hilo lahusu uzima wa watoto wetu pamoja na mapato ya nyumba zetu.

Na tuanze na zao letu wenyewe. Pamba yetu ifikapo kiwandani huchambuliwa, na kiasi cha theluthi moja tu ya uzito wake, au zaidi kidogo, ndiyo hutoka nyuzi. Sehemu kubwa iliyobaki ni mbegu. Mtu asiyejua angedhani kwamba mbegu hizo ni takataka. Lakini mbegu hukamuliwa zikatoa mafuta ya kupikia. Mashudu yabakiayo baada ya kukamua hulishwa ng'ombe. Na mbegu nyingine hurudi shambani kupandwa. Liko jambo moja, hata hivyo, ambalo kila mkulima wa pamba alijua. Baada ya mavuno twaamriwa kuing'oa miti ya pamba na kuichoma moto, ingawa akina mama wangependa kuiweka iwe kuni. Sababu yake ni kwamba masalia hayo huwahifadhi funza na wadudu wengine mpaka msimu ujao. Basi pamba yatufundisha masomo mawili. La kwanza, karibu kila kitu kina kazi ya pili baada ya ile ya kwanza kwisha. La pili, viko vitu vichache ambavyo kazi yake ya pili ni kudhuru watu, na hivyo havifai kuwekwa. Yote tutakayoyasema leo yamo ndani ya masomo hayo mawili.

Wazee wetu waliijua sana elimu hii bila ya kufundishwa na mtu. Tazameni kanga. Ikiwa mpya huvaliwa arusini na safarini. Ikipauka kidogo huvaliwa nyumbani na shambani. Baadaye huwa mbeleko, kisha hukatwa ikawa winda la mtoto, na mwishowe huwa kitambaa cha kushikia sufuria, au dekio. Kanga moja yaweza kutumika miaka mingi, na hakuna siku ambayo mama husema kwamba sasa imekuwa takataka.

Tazameni pia debe. Debe lilikuja katika nchi hizi likiwa limejaa mafuta ya taa, galoni 4, yaani lita 18 hivi. Mafuta yakiisha, akina mama walilichukua likawa chombo cha kutekea maji. Mafundi bati walilikata wakatengeneza vibatari, vikombe na mifuniko. Wengine walilipasua na kulinyoosha, likawa mlango au sehemu ya paa. Zaidi ya hayo, debe likawa kipimo cha nafaka, na hata leo mtu huuliza sokoni bei ya mahindi kwa debe, ingawa mafuta ya taa hayaji tena kwa madebe hayo. Kopo lililotakiwa kutupwa limeacha jina lake katika biashara ya nchi nzima.

Hali kadhalika gurudumu la motokaa likilika huchongwa likawa katambuga, viatu ambavyo mwiba haupenyi upesi. Magunia yaliyotoboka hushonwa viraka, na yakishindikana kabisa hutandikwa chini. Watoto nao, bila ya kuombwa, hufunga matambara kwa kamba wakapata mpira, na huokota nyaya na vifuniko vya chupa wakaunda motokaa zao. Walionena kwamba usiache mbachao kwa msala upitao walikuwa wakisema juu ya mkeka, lakini hekima yao yafaa kwa kila chombo.

Ndugu Wanachama, hali ya siku hizi imegeuka. Zamani vitu vilivyoingia nyumbani vilikuwa vichache, navyo vilikuwa vya bati, mti, udongo, katani na pamba. Fundi wa kijijini aliweza kuvitengeneza, na vilivyomshinda viliungua au vilioza. Leo vingi ni vya plastiki: madumu, ndoo, beseni, kandambili, viroba na chupa za maji. Fundi bati hawezi kuvilehemu, na mchwa hawezi kuvila. Serikali za nchi zetu zimeona ubaya huo. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya mwezi wa Agosti 2017, na Tanzania tarehe 1 Juni 2019. Kwa sheria hiyo vikapu vimerudi sokoni, nasi twafurahi. Lakini sheria ya mifuko haikugusa chupa na madumu, wala haiwezi kuingia kila nyumba kutafuta kilichovunjika.

Je, kwa nini basi vitu hivi vinatushinda? Watu husema ni kwa sababu vimekuwa vingi. Sisi twaona kwamba sababu iko pengine. Katika nyumba moja vitu hivyo ni vichache mno. Mama mwenye sufuria moja iliyotoboka, chupa kumi na dumu moja lililopasuka hawezi kuvipeleka mjini, kwa maana nauli ingezidi bei. Mnunuzi wa vyuma chakavu naye hawezi kuzunguka maili nyingi kwa ajili ya sufuria moja. Fundi hakai kijijini kungoja kiti kimoja kivunjike. Hivyo kitu kikikosa mtu wa pili wa kukichukua huitwa takataka, hata kama kina thamani. Kumkutanisha mwenye kidogo na mnunuzi wa vingi ndiyo kazi ya ushirika tangu mwanzo wake.

Kumbukeni habari za wale wafumaji na wenzao wa mji wa Rochdale, Uingereza. Mwaka 1844 walikuwa watu 28, wakachanga fedha kidogo kidogo mpaka wakapata pauni 28, wakafungua duka la unga, siagi, sukari na vitu vingine vichache. Peke yake kila mmoja alikuwa mnyonge mbele ya mwenye duka. Kumbukeni na wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, waliounda chama chao kikuu mwaka 1933, ili kahawa ya mwenye vihamba vidogo iuzwe pamoja na ya wenzake. Sisi wa pamba twafanya vivyo hivyo. Mkulima mwenye mizigo miwili ya pamba hapati mnunuzi wa ng'ambo, lakini mizigo hiyo ikiingia ghalani pamoja na ya wengine hupata. Haba na haba hujaza kibaba. Ikiwa njia hii yafaa kwa pamba, kwa nini isifae kwa masufuria yaliyotoboka?

Wapo wenzetu wa Afrika ya Mashariki waliokwisha kuonyesha kwamba yawezekana. Katika soko la Kamukunji, Nairobi, mafundi wa jua kali hukaa pamoja wakigonga mapipa ya mafuta na mabati makuukuu, wakitoa masanduku, majiko, makarai na madumu ya kumwagilia bustani. Kama kila fundi angekaa peke yake hangepata mapipa ya kutosha wala wanunuzi. Na huko Lamu, mwezi wa Septemba 2018, mafundi wakiongozwa na Ali Skanda waliteremsha majini jahazi lenye urefu wa mita 9 hivi, lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa pwani na mijini. Taarifa zake zilisema kwamba zilitumika tani 10 za plastiki, na kwamba ubao wake ulifunikwa kwa kandambili kuukuu zipatazo 30,000. Mwaka 2019 jahazi hilo lilisafiri kutoka Lamu mpaka Zanzibar. Hatusemi kwamba na sisi tuunde jahazi, maana ziwa letu lina mitumbwi ya kutosha. Twasema tu kwamba kandambili moja iliyokatika ukanda haina maana kwa mtu, lakini 30,000 zilibebwa na bahari kwa heshima.

Sasa tuingie katika matendo. Yatupasa kila mmoja, kabla ya kutupa kitu, ajiulize maswali matatu. Swali la kwanza: je, chaweza kutengenezwa kifanye kazi yake ile ile? Kiti kilichokatika mguu, baiskeli, jembe lililolegea mpini, shati lililochanika bega, vyote hivi vyahitaji fundi tu. Swali la pili: kama hakitengenezeki, je, chaweza kupewa kazi nyingine? Dumu la mafuta ya kula lililopasuka juu likikatwa hupandwa miche ya miembe au mboga. Pipa bovu hukusanyia maji ya mvua ya kumwagilia. Maganda ya viazi na ndizi, majivu na majani yakichanganywa na samadi huoza yakawa mboji. Swali la tatu: kama hakina kazi nyumbani kwetu, je, yuko mnunuzi wake kikiwa pamoja na vingine? Hapo ndipo huingia vyuma, aluminiamu, makopo, chupa na plastiki safi.

Lakini kabla ya maswali hayo yote liko swali jingine, ambalo ndilo kubwa kuliko yote: kitu hiki kilikuwa na nini ndani yake? Hapa twaomba masikio yenu yote.

Kila msimu chupa za dawa za kuulia wadudu wa pamba hupita mikononi mwa vyama vyetu vya msingi. Dawa ikiisha, chupa hubaki nzuri, ngumu, yenye kifuniko kinachofunga barabara. Macho ya mtu mwangalifu hukataa kuitupa. Baadhi ya chupa hizo huoshwa kwa maji na sabuni, zikawekwa mafuta ya taa, mafuta ya kula, na hata maziwa. Mtu afanyaye hivyo hana nia mbaya. Afuata ile ile desturi njema ya debe. Lakini debe lilikuwa bati lililobeba mafuta ya taa, na chupa hii ni plastiki iliyobeba sumu. Sumu huingia ndani ya plastiki yenyewe, na hakuna sabuni wala maji ya moto yawezayo kuitoa yote. Huja ikitoka polepole ndani ya maziwa. Mtoto naye hajui kusoma maandishi ya chupa. Aonapo chupa hudhani kwamba ni kinywaji.

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, pamoja na Shirika la Afya Duniani, hufundisha njia iliyo wazi. Chupa ikiisha dawa isuuzwe mara tatu papo hapo shambani, na maji ya kusuuzia yamiminwe ndani ya bomba la kunyunyizia ili yatumike kwenye pamba, yasimwagwe mtoni wala kisimani. Kisha chupa itobolewe tundu ili isiweze tena kubeba kitu. Baada ya hapo iwekwe mahali penye kufuli mpaka ichukuliwe na watu wenye ujuzi. Isichomwe nyumbani, maana moshi wake ni sumu, wala isizikwe shambani.

Viko vitu vingine vya namna hiyo. Siku hizi nyumba nyingi zina taa za nguvu ya jua, na betri zake kubwa zina madini ya risasi. Betri kuukuu ni mali, kwa kuwa risasi yake huyeyushwa ikatengeneza betri mpya, lakini kazi hiyo si ya uani kwa mtu. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, watu waliokaa karibu na kiwanda cha kuyeyusha betri walidhurika kwa risasi, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Hakuna fedha irudishayo akili ya mtoto iliyodhurika kwa risasi. Betri ikae nzima, isipasuliwe, iuzwe nzima kwa mwenye kibali. Kadhalika, wapimaji wameona risasi katika baadhi ya masufuria yaliyoyeyushwa kutokana na vyuma chakavu vya kila namna katika nchi kadhaa za Afrika na Asia. Kwa hiyo chuma chakavu na kifae jembe, kitasa au mguu wa meza, na chombo cha kupikia tukinunue tukijua kimetoka wapi.

Ndugu Mwenyekiti, ombi letu sasa ni hili, nalo lina sehemu nne.

Kwanza, kila chama cha msingi kitenge chumba kimoja, au pembe moja ya ghala lake, kwa ajili ya vitu vilivyokwisha kazi. Vipokelewe siku ya kununua pamba, na nje ya msimu vipokelewe siku ya gulio. Vipimwe kwa mizani ile ile tunayoiamini. Chama Kikuu, ambacho magari yake huja vijijini kuchukua pamba, kitafute mnunuzi na kukubaliana naye bei kwa niaba ya wote.

Pili, stakabadhi iandikwe kwa jina la aliyeleta vitu. Twasema wazi, kwa kuwa mara nyingi jina lililo katika daftari la chama ni la baba, na anayeokota, anayeosha na anayebeba ni mama au kijana. Kama fedha ya masufuria itaingia katika hesabu ya pamba ya baba, mwaka wa pili hakuna mama atakayeleta hata kopo moja, naye atakuwa na haki.

Tatu, katika siku hizo hizo waalikwe mafundi: fundi bati, fundi cherehani, fundi baiskeli, fundi redio, na seremala. Wapewe kivuli na meza bila ya kodi. Fundi akijua kwamba kazi za kijiji kizima zitamngoja mahali pamoja kwa siku moja, atakuja.

Nne, nalo ndilo tuliombealo zaidi, chupa za dawa zitolewe kwa hesabu na zirudi kwa hesabu. Mwanachama akichukua chupa sita, ziandikwe sita. Msimu ujao, kabla ya kupewa dawa mpya, arudishe chupa sita tupu zilizosuuzwa na kutobolewa. Chumba chake kiwe mbali na chakula, chenye kufuli, na ufunguo ukae kwa mtu mmoja anayejulikana. Chama Kikuu nacho, katika mapatano yake na wauzaji wa dawa, kidai kwamba wazichukue chupa hizo. Atakayeleta bidhaa ya sumu na ashike njia ya kuirudisha.

Twajua yatakayosemwa. Wengine watasema kwamba kudai chupa tupu ni kuwaonea wakulima. Twawauliza, mwenye duka asipotoa soda ya chupa ya kioo mpaka arudishiwe chupa tupu, ni nani amewahi kusema ameonewa? Kwa desturi hiyo chupa za soda za kioo hazionekani ovyo mitaroni, na za plastiki zimejaa. Wengine watasema kwamba makatibu watapata kazi nyingi ya kuandika. Ni kweli, nasi makatibu tunayo madaftari tayari; mstari mmoja zaidi kwa kila mwanachama hautatuvunja mkono. Na wengine watasema kwamba kuvaa kiraka na kukusanya makopo ni kujitangazia umaskini. Kwa hao twajibu kwamba aliyeshona nguo yake hana deni dukani, na anayetupa kitu kizima anunue kingine kwa mkopo ndiye mwenye kuelekea umaskini, hata kama kiatu chake chang'aa.

Miaka kumi iliyopita wanachama wa vyama hivi walikubali jambo gumu, la kuweka mali yao pamoja na ya watu wasiowajua, kwa kuamini mizani na daftari. Chama kikasimama. Leo hatuombi fedha mpya wala jengo jipya. Twaomba chumba, kufuli, ukurasa wa daftari na azimio la Mkutano Mkuu, lipitishwe kabla dawa ya msimu ujao haijaanza kugawanywa. Makopo yaweza kungoja mwaka mwingine ikiwa mtaona hivyo. Chupa za sumu hazifai kungoja, maana ziko majumbani mwetu sasa hivi, na nyingine zimejaa maziwa.

Twawatakia Wanachama wote heri ya mwaka wa kumi, na mavuno mema katika mwaka wa kumi na mmoja.